Mkono unaanzia begani: niliyojifunza nikiwanoa walimu wa chekechea Dar

Nianze na aibu yangu mwenyewe maana bila hiyo hii stori haiendi. Semina ya kwanza niliyoendesha mwenyewe kuhusu misuli ya watoto wadogo niliifanyia kwenye ukumbi mmoja Temeke, siku tatu, viti vya plastiki vimepangwa mistari kama arusini, walimu thelathini na kitu wa chekechea na wa madarasa ya awali, na mimi mbele na kirimoti nabonyeza slaidi moja baada ya nyingine. Misuli mikubwa ni hii, misuli midogo ni ile, wa miaka mitatu anaweza hiki, wa miaka minne anaweza kile. Na walimu wakaandika, yaani waliandika kweli, kila neno, mwingine ananyoosha mkono "madam rudisha nyuma kidogo sijamaliza". Mchana pilau na soda, jioni nauli, siku ya tatu vyeti na picha ya pamoja. Nikarudi nyumbani najiona nimefanya kazi.

Mwezi uliofuata nikaanza kuwatembelea shuleni kwao. Ya kwanza ilikuwa Mbagala, ndani ndani huko, ukishuka Rangi Tatu unachukua bodaboda unapita njia za mchanga mpaka unapoteza ramani. Naingia darasani nakuta watoto arobaini na ushee wa miaka mitatu na minne, wamekaa kimyaaa kwenye madawati, wananakili herufi a. Mstari mzima a a a a a mpaka chini ya ukurasa. Na ukutani sasa, jamani, ukutani kuna chati ya manila imeandikwa kwa maka peni rangi tatu, mwandiko mzuri kuliko wangu: MISULI MIKUBWA – kukimbia, kuruka, kupanda, kubembea. MISULI MIDOGO – kufinyanga, kutunga shanga, kukata. Mwalimu kasimama pembeni ya chati anatabasamu anasubiri nimsifie. Nikamsifia, ningefanyaje. Nikatoka nikakaa kwenye kizingiti cha nje nikajiuliza hivi siku tatu zile nilikuwa nafanya nini.

Sikumlaumu hata kidogo, kwa sababu alifanya nilichomfundisha. Mimi nilimkalisha kwenye kiti siku tatu akanakili kutoka ukutani, naye akaenda kuwakalisha wenzie wadogo wananakili kutoka ubaoni.

Semina ya pili sikubeba projekta, nilibeba soksi. Soksi nene za mtumba nilinunua Karume, fungu zima, nikazifua nikaanika. Asubuhi walimu wanafika wanakuta hakuna viti, kuna mikeka na meza chache. Nikawaambia kila mmoja avae soksi mkono wa kushoto, apande akae juu ya meza miguu ining'inie isiguse chini, daftari pajani, aandike jina lake kamili na la mama yake mzazi kwa mkono huohuo wenye soksi, dakika moja. Halafu mimi napita nyuma yao na rula nagonga meza, haraka, mwenzako kamaliza, we mbona mzito hivyo, nani kakwambia herufi inapita nje ya mstari, hebu wote muangalieni huyu anavyoandika. Walianza kwa kucheka. Baada ya nusu dakika hakuna anayecheka, kuna mmoja kakunja uso mpaka ulimi umetoka pembeni kama watoto wanavyofanya, kuna mwingine kaweka kalamu chini kasema mi siandiki, tena kwa hasira kabisa.

Alikuwepo mmoja lakini, mama wa makamo wa kutoka Buguruni, ye kaandika tu majina yote mawili, mwandiko umenyooka, na soksi yake. Tukashangaa. Kumbe ni mashoto wa kuzaliwa. Akatusimulia utotoni kwao mkono wa kushoto ulikuwa unafungwa na kipande cha kanga kwa nyuma mpaka azoee kulia, maana kushoto ni kwa mambo ya chooni tu na huwezi kumpa mtu mzima kitu kwa kushoto. Akasema ameandika kwa kulia maisha yake yote na hajawahi kuupenda mwandiko wake. Halafu akanyamaza, akaongeza kwamba darasani kwake wapo watatu wa hivyo na ye mwenyewe ndo anawahamishia penseli. Pale ukumbini hakuna aliyeongea kwa muda, na mimi sikuwa na slaidi ya kuweka hapo.

Baada ya soksi ndo nikaanza kueleza, na safari hii maelezo yakawa na pa kukaa. Mwili wa mtoto unakomaa kutoka kichwani kushuka chini, na kutoka katikati kwenda pembeni. Kila aliyelea anajua, kichanga anakaza shingo kwanza, ndo anakaa, ndo anatambaa, ndo anasimama dede. Mkono nao una foleni yake, bega linatangulia, kiwiko, kifundo, vidole vinafunga mlango. Kwa hiyo mtoto ambaye bega na mgongo bado vinayumba ukimpa penseli unamlaumu vidole bure, vidole havina hatia. Na kuna jambo lililowashtua sana walimu, kwamba kifundo cha mkono wa mtu mzima kina vifupa 8, lakini mtoto anapozaliwa vyote vinakuwa bado gegedu, ule ulaini wa sikioni, vinakuja kuwa mfupa kimoja kimoja miaka inavyokwenda na kile cha mwisho kinachelewa mpaka kwenye miaka 9 hadi 12. Mmoja akashika kiganja chake akakiminya minya, akasema "kwa hiyo nilikuwa nalazimisha gegedu liandike."

Na kushika penseli nako kuna hatua zake, huruki. Kwanza mtoto anaikamata kwa ngumi nzima kama mwiko wa ugali na anachora kwa mkono wote toka begani. Halafu vidole vyote vinaangalia chini. Kwenye miaka mitatu na nusu hadi minne anaanza vidole vitatu lakini kifundo kimekaza, mkono wote unasogea. Kule kucheza kwa vidole vyenyewe penseli ikatembea kwa ulaini kunakuja baadaye, kwenye minne na nusu mpaka sita. Maumbo vilevile, mara nyingi duara linakubali kwenye miaka mitatu, msalaba kwenye minne, mraba unakuja baada ya hapo, na pembetatu kwenye mitano kwenda juu, maana pembetatu ina mistari ya mshazari na mshazari ndo mgumu kuliko yote. Sasa hebu andika herufi k uitazame. Ina mishazari miwili. Tunaimba KKK, KKK, yaani Kusoma, Kuandika na Kuhesabu, tunamdai mtoto wa miaka mitatu herufi ambayo mkono wake bado haujui hata kuichora nusu. Huo utani niliutoa tu siku hiyo bila kupanga, ndo ukawa kitu walichokumbuka kuliko vyote.

Mchana wa siku hiyo nikawaambia kila mmoja aonyeshe mchezo mmoja aliocheza utotoni kwao. Hapo ukumbi ukawaka. Wa Tanga, wa Mtwara, wa Kigoma, wa hapahapa Kariakoo, rede, kombolela, kuruka kamba, nage, kusukuma ringi la baiskeli kwa kijiti, gololi, mdako. Madera yakafungwa kiunoni, viatu pembeni. Mdako tulichora kashimo nje kwenye mchanga, mwalimu mmoja aliyebakiza miaka miwili astaafu, anayelalamika magoti toka asubuhi, akakaa chini akatufunga wote. Anarusha kete juu, kabla haijarudi mkono ushafagia kokoto kutoka shimoni, umerudisha zilizozidi, na umedaka. Nikawauliza sasa hapo misuli gani imefanya kazi, jicho limefanya nini, kifundo kimefanya nini, na mkono wa pili ulikuwa wapi, wakataja wenyewe mpaka nikachoka kuandika. Bibi wa mdako akasema "kumbe ndo semina yenyewe hii, sisi mbona tulichapwa kwa kuicheza mpaka tunasahau kuteka maji."

Tulicheka, lakini ile kauli ya kuchapwa ilinirudia baadaye, kwa sababu ya kilichotokea kesho yake.

Kesho yake asubuhi nikasema haya tuamshe miili, wote turuke kichura mpaka ukutani. Hakuna aliyeruka. Wakaangaliana, mmoja akasema "madam tumekosa nini?" na ukumbi mzima ukaangua kicheko. Mimi ndo nikastuka. Kuruka kichura kwetu ni adhabu! Tumekua nayo hivyo, umechelewa namba, kichura, hujafanya kazi ya nyumbani, kichura, piga magoti, mikono juu. Darasani mtoto mzuri ni aliyetulia, na anayefanyishwa mwili kazi ni aliyekosea. Sasa unamwambia mwalimu aliyelelewa hivyo awarushe watoto kichura saa nne asubuhi kwa furaha, wakati mwili wake wote unakumbuka fimbo. Mambo kama haya hayapo kwenye vitini tunavyopewa, maana vingi vimeandikwa na watu ambao hawakuruka kichura wakiwa wamevaa sare kwenye kokoto. Toka siku hiyo nina nusu saa nzima ya kuzungumzia adhabu tu kabla hatujagusa mchezo wowote, na tulibadilisha jina kabisa, kwenye shule zile watoto wanaruka "kama chura wa Kihansi", yule chura mdogo wa maporomoko ya Kihansi. Jina tu, lakini limesaidia, na watoto wanauliza Kihansi ni wapi basi unapata na somo la pili.

Kingine nilichokuja kukigundua taratibu ni kwamba walimu hawana shida ya kujua. Ukimuuliza mwalimu wa chekechea kama kucheza ni muhimu atakujibu vizuri kuliko mimi. Shida ni woga, na woga wenyewe una sababu. Anaogopa kelele, kwamba mkuu akipita atasema darasa limemshinda. Anaogopa mtoto akianguka akachubuka ni ye atakayesimama mbele ya mzazi. Na zaidi ya yote anaogopa daftari. Dar hii mzazi akirudi kutoka kazini saa mbili usiku amesimama kwenye mwendokasi toka Kivukoni mpaka Kimara, kitu cha kwanza anafungua begi la mtoto anatafuta daftari, akikuta kurasa zimejaa na vema nyekundu anaona hela yake inafanya kazi. Akikuta hamna kitu, kesho asubuhi getini, "nalipa ada mtoto aje kucheza? Kucheza si angecheza nyumbani". Na shule ya jirani mtaa wa pili watoto wa miaka mitatu wanaandika majina yao, sasa mwenye shule afanyeje, atafunga?

Kwa hiyo nilikosea tena pale nilipodhani mwalimu akishaelewa kazi imeisha. Mwalimu ana bosi na bosi ana mteja. Siku hizi sikubali kufundisha walimu wa shule kama mwenye shule hajakaa japo nusu siku na kuvaa soksi, na tunafanya kikao kimoja cha wazazi, Jumamosi, kifupi. Wazazi siwahubirii. Nawapa chupa ya maji yenye kifuniko kimekazwa, kibanio cha nguo, na shati la mtoto lenye vifungo, nawaambia nendeni nyumbani mkamwangalie mwanenu anavyofanya hivi vitatu, halafu tuongee kuhusu penseli. Wengi wanarudi kimya kimya.

Kuna baba mmoja wa maisha mazuri tu, mtoto wake wa kiume ana miaka mitano kasoro, anaongea Kiingereza kama katuni, anaijua alfabeti kuanzia mbele na nyuma. Mtoto hajawahi kuvaa viatu mwenyewe. Dada wa kazi anamlisha, anamvalisha, anambeba mpaka kwenye skul basi, na ngazi ya skul basi anapandishwa kwapa na konda. Pale uwanjani kuna kigogo cha mnazi kimelala, hakifiki hata magotini, wenzie wanapita juu yake, yeye kafika kasimama kanyoosha mikono anasubiri kubebwa. Hakulia wala nini, alisubiri tu kwa ustaarabu kabisa. Ile picha sijaisahau.

Halafu upande wa pili wa jiji, Manzese, nikaletewa mtoto "mzito", hashiki penseli, mwalimu ameshakata tamaa. Nikakaa nae dakika kumi kweli hashiki, anaikimbia. Mapumziko nikamfuata nyuma ya choo, namkuta na kaka zake wanacheza gololi. Amechuchumaa, jicho moja amefinya, gololi ameikalisha kwenye kidole cha shahada anaisukuma na gumba, inakwenda hatua tatu inagonga ya mwenzie tik. Nikaenda nikamwita mwalimu wake polepole nikamwambia simama hapa usiseme kitu uangalie vidole. Akaangalia. Akaniambia "madam huyu si ndo yule." Ndo yule. Vidole viko vizima, nguvu iko, jicho liko. Kilichokuwa hakipo ni hamu ya penseli, kwa sababu penseli alishaijua kama kitu cha kugombezewa. Tukaanza nae na mkaa sakafuni, kuchora viwanja vya gololi, mistari na maduara makubwa amesimama ameinama. Ilichukua muhula mzima, sio miujiza ya wiki moja.

Ngoja niseme na la matairi maana nisipolisema walimu wangu watanisema. Kila mtu anayefundisha mambo haya anapenda matairi, ni bure, gereji yoyote Ilala wanakupa. Na mimi nikapenda. Shule moja tuliyapanga uwanjani kumi na mawili, njia ya vikwazo safi kabisa, rangi tumepaka. Makosa yangu yalikuwa mawili. Kwanza nilipanga mazoezi saa saba mchana, Januari, Dar, tairi jeusi. Mtoto wa kwanza kuweka mikono alipiga kelele, wa pili akateleza akachubuka goti, mama yake akaja jioni na nusu ya mtaa. Pili, masika ikaja, hatukuyatoboa. Ilikuwa 2019, mwaka ule dengue imetandika Dar watu wanaumwa mifupa nyumba kwa nyumba, mlinzi ananiita "madam njoo uone", nachungulia ndani ya tairi la njano nililolipaka mwenyewe, maji yamejaa na viluwiluwi vya mbu vinacheza humo vizuri kuliko watoto. Tuliyatoa yote siku ileile. Sasa hivi tairi lisipotobolewa chini au kujazwa mchanga silitaki machoni, na michezo ya nje ni kabla ya saa nne, chini kuwe na mchanga wa kutosha, basi.

Kuhusu muda pia kuna kichekesho. Shirika la Afya Duniani 2019 lilitoa mwongozo kwamba mtoto wa miaka mitatu na minne anatakiwa awe anajongea dakika 180 kwa siku, na katika hizo 60 ziwe za kuhema kweli, na skrini isizidi saa moja. Nikilitaja hilo walimu wanapiga mayowe, masaa matatu?! Wanadhani ni kipindi. Nawaambia ni siku nzima, kutembea dukani ni humo, kuchota maji na kikombe ni humo, kucheza uani jioni ni humo. Lakini tukianza kuhesabu siku ya mtoto wa Dar pamoja tunaishiwa maneno, maana anaamshwa saa kumi na moja alfajiri apitiwe na skul basi kabla ya foleni, anazungushwa Tegeta nzima amelala dirishani, anakaa darasani mpaka mchana, anazungushwa tena, anafika geti linafungwa anapewa simu. Tulihesabu mtoto mmoja wa mfano, tukapata dakika arobaini tu, tena kwa kubembeleza.

Kwenye shule za serikali shida ni nyingine, ni wingi. Elimu bila ada ilipoanza Januari 2016 watoto walifurika, na darasa la awali lililotakiwa liwe na watoto 25 unalikuta na mia na mwalimu mmoja. Huko ukimpelekea mtu shughuli za kutunga shanga kwa mezani utatukanwa kimoyomoyo. Tulichofanya huko ni mawimbi. Watoto wote wanaimba na kupiga makofi kwa kuvuka, mkono wa kulia goti la kushoto, na ishirini tu ndo wako kwenye kamba, kamba moja ya mkonge imelazwa chini, wanatembea juu yake kisigino kinagusa kidole, wakimaliza wanarudi kuimba ishirini wengine wanaingia. Misuli midogo tunamaliza kwenye kazi za kweli, kuchambua maharage, kumenya karanga, kukamua kitambaa cha kufutia ubao. Mwalimu mmoja jirani yake anauza chapati, kila Ijumaa anapewa donge la unga lililobaki, anawagawia wanakanda mpaka linakuwa jeusi. Hakuna pesa iliyotumika.

Madawati nayo. Nikiingia darasani siku hizi kitu cha kwanza naangalia miguu kabla ya mikono. Ikining'inia najua mwandiko utakuwaje, maana mwili usipopata pa kukanyaga nguvu zote zinaishia kujizuia usidondoke na mkono unabakiziwa makombo. Kuna walimu wa Gongo la Mboto walichukua maboksi ya karatasi za fotokopi wakajaza magazeti ya zamani wakayazungushia solotepu, kila mtoto na la kwake chini ya dawati. Kitu cha kijinga lakini kinafanya kazi kuliko nusu ya vifaa nilivyowahi kununua.

Na kuna mtoto mmoja alinifundisha kujua mipaka yangu. Wa miaka minne, mchangamfu, ila mkono wa kushoto hautumii kabisa, akikimbia mguu wa upande huohuo unaburuta. Mwalimu alimuona, akaniambia, na mimi kwa ujuaji wangu nikasema tumpe mazoezi ya mikono miwili atakaa sawa. Wiki sita tumepoteza. Mtoto yule alihitaji fizioterapia toka zamani, hakuhitaji mdako. Mama yake hatimaye alimpeleka hospitali ya CCBRT kule Msasani na sasa anahudhuria. Nawaambia walimu wakiona upande mmoja umelala, au mtoto aliyekuwa anaweza kitu ameacha kukiweza, au anaanguka anguka kila siku kuliko wenzie, wasimpe jina, wasisubiri muhula uishe, wamuite mzazi pembeni kwa heshima wamuelekeze hospitali. Sisi ni walimu.

Ile shule ya Mbagala ya chati nilirudi mara nyingi. Yule mwalimu na chati yake alikuja kuwa moto wa kuotea mbali, asubuhi watoto wako nje, a zinaandikwa kwenye mchanga kwa kijiti tena kwa wakati wake. Halafu mwaka jana akanipigia simu, sauti imeshuka, "madam uwanja umeenda." Mwenye shule kaongeza madarasa mawili, watoto wamekuwa wengi, kiwanja ndo hichohicho, kikabaki kikorido cha saruji kati ya madarasa na ukuta wa jirani. Nilienda nikabishana na mwenye shule, sikushinda, ana mkopo benki na mimi sina jibu la mkopo. Tukapima korido na mwalimu kwa hatua, zikafika hatua kumi na tisa kwa mbili. Tukachora kwa chaki mstari wa kupinda pinda toka mwanzo hadi mwisho na viduara vya kurukia mguu mmoja. Asubuhi yake dada wa usafi kapiga deki, mstari haupo. Wakachora tena, kesho kafuta tena, ikawa ndo mchezo wao kama wiki mbili hivi, mwalimu kanuna, dada kanuna, kila mtu anafanya kazi yake.

Juzi mwalimu kanitumia klipu WhatsApp, hakuandika kitu. Ni asubuhi, watoto bado hawajaja, korido tupu na mstari wa chaki upo. Dada wa usafi anatokea na ndoo ya maji kichwani, hajaishika, viatu kavua, anaufuata ule mstari kona kwa kona, kisigino kinagusa kidole, mpaka mwisho.